Bunduki ya Kwanza ya Kijana Mwindaji Tabora: Ipi Itangulie

Wazazi wengi wa Sikonge, Urambo na Kaliua, fedha ya tumbaku inapoingia, humnunulia kijana wao bunduki ile ile ambayo baba mwenyewe aliitamani siku zote, kisha hushangaa kumwona mtoto amekuwa mwoga wa kufyatua. Kijana ninayemzungumzia hapa ni mtu mzima aliyekwisha kupata kibali cha Jeshi la Polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ambaye ataomba leseni ya kuwinda kwa wahusika wa wanyamapori kabla hajaingia porini. Asiye na hayo mawili asisumbuke kuchagua kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, unaohesabiwa kwa sehemu za inchi.

Kanuni za uwindaji nchini zimekwisha kupunguza orodha. Wanyama hatari kama nyati na simba hawapigwi kwa kaliba iliyo chini ya .375, na wanyama wengine kama swala pala, kongoni na ngiri wanataka kaliba isiyopungua .240. Kwa hiyo ile .22 ndogo, ambayo wauzaji huisifu kuwa ni ya kuanzia, haifai kumwinda swala. Ni bunduki nzuri mno ya kujifunzia shabaha kwa gharama ndogo, lakini mwenye fedha ya kununua bunduki moja tu aiache.

Nafasi ya kwanza naipa .308 Winchester. Teke lake, yaani kishindo cha bunduki inaporudi begani, kijana wa umbo la kawaida hulizoea akianza na risasi nyepesi ya greni 150, yaani karibu gramu 10, na baadaye, atakapomtafuta kongoni, bunduki hiyo hiyo itapokea risasi ya greni 180. Katika miombo yetu mnyama huonekana kwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, kwa hiyo mbio za ziada za risasi hazimsaidii sana mwindaji kuliko utulivu wa bega lake.

Ya pili ni .243 Winchester. Kwa upole wa teke ingekuwa ya kwanza, hasa kwa kijana mwembamba au binti, na risasi yake ya greni 100 humtosha swala pala ikipita nyuma ya bega. Nimeishusha kwa sababu inavuka kiwango cha kanuni kwa unywele tu, na kwa mnyama mkubwa kama pofu haimwachii anayejifunza nafasi ya kukosea. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana risasi zake dukani leo, wala usikubali kuambiwa zitafika wiki ijayo.

.30-06 Springfield, ya tangu mwaka 1906, ni ya tatu: hufanya kila inachofanya .308 na zaidi kidogo, ila humpiga bega zaidi kidogo pia. .375 H&H naiweka mwisho kabisa. Teke lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la .308, na kijana akishaumia siku ya kwanza hujifunza kufumba macho kabla ya mlio. Tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miezi. Nyati watamsubiri.

Kuliko kaliba, kitu kinachosahaulika zaidi ni kitako. Mwambie kijana akunje mkono, aweke mwisho wa kitako kwenye kiungo cha kiwiko kwa ndani, kisha anyooshe kidole cha shahada: ncha yake ifike vizuri kwenye kifyatulio. Kisipofika, kitako ni kirefu, na fundi aliyeruhusiwa anaweza kukipunguza. Kitako kisichomfaa humfanya asogeze uso ovyo akitafuta picha, na jicho likikaribia darubini kuliko sentimita 8 hivi, ukingo wake humchana nyusi bunduki inaporudi.

Bunduki ikiwa tupu, na wewe mwenyewe umekagua chemba, yaani tundu risasi inamokaa, kwa macho na kwa kidole, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na mdomo wake, kisha kijana avute kifyatulio akiwa ameelekeza ukutani mahali salama. Sarafu ikianguka kila mara, ama kifyatulio ni kizito mno ama mkono bado haujatulia. Ajaribu bunduki nyingine kabla hujaamua ni lipi. Jaribio hili lisifanywe kwa .22, kwa sababu pini yake ya kugonga risasi inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kwa bunduki iliyotumika, inayouzwa na muuzaji mwenye leseni, toa bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, na utazame ndani ya mtutu ukiuelekeza kwenye mwanga: mifereji iliyochongwa humo kuizungusha risasi iwe na kingo kali na isiwe na madoa ya kutu, ambayo hupatikana sana kwa bunduki iliyokaa masika nzima ndani ya mkoba wa ngozi. Kagua pia mdomo wa mtutu kwa kucha, kwa sababu pengo dogo hapo hupotosha risasi hata kama sehemu nyingine zote ni mpya. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Ikitofautiana hata moja, rudisha bunduki mezani na uondoke.