Kugoma au kubaki kazini mfukoni kukiwa kukavu

Nchini Kenya, kabla ya kupiga hesabu ya pesa, jua kama mgomo unalindwa na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Upatanisho uwe umeshindikana, na chama kiwe kimetoa ilani ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Omba uione, ujumbe wa WhatsApp hautoshi.

Ukigoma kihalali huwezi kufutwa kwa sababu hiyo, ila mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hukufanya kazi. Anayelipwa shilingi 26,000 kwa siku 26 hupoteza 10,000 mgomo ukifika siku 10. Kinachouma zaidi ni mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara: marejesho yakikwama, wadhamini wako ndio husumbuliwa. Nenda mapema uombe kupangiwa upya.

Ukibaki, mshahara unaingia, ingawa wenzako watakununia, hasa ukifaidi nyongeza waliyoipigania.

Mgomo usiolindwa, baki: hakuna malipo na adhabu ni halali. Unaolindwa, goma ukiwa na kodi na chakula cha mwezi. Mahakama ikiusimamisha, rudi siku hiyohiyo.