Hadithi za redioni: redio ya betri au simu?

Kwa kuwa nilikua nikisikiliza hadithi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa, mara nyingi huulizwa ni kipi bora kwa hadithi, redio ya betri au simu yenye intaneti.

Kwa gharama, redio hushinda, maana ukishainunua unabaki na betri tu, ilhali simu hula bando. Hata hivyo, hadithi uliyokwisha kuipakua husikilizwa tena na tena bila malipo mengine.

Kwa uhakika, masafa ya kati, yaani mawimbi ya redio ya AM, hufika mbali, hasa usiku, kwa sababu jua likishatua tabaka za juu za anga huyarudisha mawimbi hayo ardhini. Lakini redio haimsubiri mtu. Kipindi cha Mama na Mwana kilipoanza, tulikuwa tumekwisha kukaa mkekani pamoja na watoto wa jirani, na aliyechelewa alisimuliwa mwanzo wake kesho yake. Kwangu mimi, kusimuliana huko kulikuwa nusu ya hadithi. Simu humwezesha muuguzi wa zamu ya usiku kuisikiliza hadithi ileile alfajiri, peke yake, na hilo nalithamini pia.

Matunzo ni jambo dogo: toa betri zilizokwisha kabla hazijavuja, na kwenye simu acha nafasi ya kuhifadhi.

Mwenye watoto nyumbani, au aishiye mahali ambapo mtandao hukatika, ningemshauri achukue redio; anayesafiri sana au kufanya kazi usiku, simu itamfaa zaidi.