Mahema, farasi na Mto Nile: uzoefu wangu wa Jinja kwa anayetokea Mwanza

Naipa safari hii nyota 4 kati ya 5, na iliyopungua ni ya hema. Farasi na mto vilistahili pesa yake. Hema la kifahari ndilo linalopambwa kwenye matangazo, lakini ndilo lililotupa usumbufu mwingi. Kambi siitaji jina, kwa kuwa kambi za ukingo ule wa Nile, Jinja nchini Uganda, huuza kifurushi cha aina moja: usiku tatu, saa mbili za farasi, siku nzima mtoni kwa boti la mpira kwenye maji makali. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni yaleyale popote utakapofikia.

Kwa nini tuvuke mpaka na ziwa liko mlangoni? Kwa sababu ziwa tunalo, ila mto wa maji makali hatuna. Mto Simiyu unaingia Ghuba ya Speke ukiwa umeshatulia, una tope, na si mahali pa kuchezea kwa sababu ya mamba. Jinja ziwa ndiyo linatoka, linageuka Nile na kuteremka kwa nguvu. John Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeliona ziwa kutokea upande wetu wa Mwanza mwaka 1858, alifika kwenye tokeo hilo mwaka 1862, na maporomoko aliyoyakuta yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, likazamisha mengine, na la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika sehemu ya chini zaidi.

Historia hiyo inagusa mfuko wako moja kwa moja. Ukionyeshwa picha ya Bujagali ikitoa povu, ni picha ya kabla ya bwawa. Leo pale maji yametulia, ni pa kayaki na kutembea na boti jioni. Maji makali yaliyobaki yako chini ya bwawa hilo, kuelekea maporomoko ya Kalagala na Itanda. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: tunaingilia mto wapi, tunatokea wapi, na usafiri wa kutupeleka na kuturudisha umo kwenye bei? La pili: bei ni ya mtu au ya hema? La tatu: picha na video zimo? Sisi picha ziliuzwa pembeni, na hakuna aliyetuambia mapema.

Upangaji wa siku una uzito kuliko watu wanavyodhani. Farasi kwanza, mto baadaye. Siku nzima ya kupiga kasia inachosha mabega, na jua linachoma mapaja na juu ya nyayo. Ukipanda farasi kesho yake, suruali inakwangua ngozi iliyoungua na mikono haina nguvu ya kushika hatamu sawasawa. Ukianza na farasi utaumwa mapaja ya ndani, ndiyo, lakini ndani ya boti unakaa. Siku ya kufika msipange chochote.

Sasa farasi. Kambi makini itakuuliza kilo zako kabla ya kukuuliza jina. Kanuni inayotumika sana ni farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450 mwisho wake ni kilo 90; toa kama kilo 10 za tandiko, mpandaji abaki na 80. Mwenye kilo 95 anahitaji farasi mkubwa zaidi, na aseme ukweli wakati wa kuweka nafasi, si pale zizini. Mnyama mwenye mgongo unaouma anarusha mateke, na wa kuanguka ni wewe.

Vaa suruali inayobana ya kitambaa laini. Jinzi yenye mshono mnene ndani ya paja itakuchubua kabla ya saa ya kwanza kuisha. Kiatu kiwe kimefunika mguu na kiwe na kisigino cha kama sentimita 2, ili mguu usipenye kwenye kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Mguu ukipenya na ukaanguka, farasi anakuburuta. Sandali na raba bapa zote hazifai. Kofia ngumu ijaribu bila kufunga mkanda: inamisha kichwa, tikisa, ikidondoka omba nyingine.

Urefu wa vikuku unapimwa ukiwa chini. Weka ncha za vidole pale mkanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, nyoosha mkono, kikuku kiguse kwapa. Halafu mkanda wa tumbo, na hapa naomba msimame kidogo. Farasi wengi hutunisha kifua wakati wa kufungwa mkanda. Dakika tano baadaye pumzi imeshuka, mkanda umelegea, na tandiko linaweza kuzunguka mtu akiwa juu. Dawa yake ni kukaza mara ya pili kabla ya kutoka, vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi kwa kubana. Kwetu mara ya pili haikufanyika mpaka tulipoomba, na tandiko la mmoja wetu lilikuwa limeshaanza kulalia kushoto. Mwongozaji alikuwa mpole na mjuzi wa njia; alisahau tu. Omba bila aibu.

Njiani kuna mashamba, watoto wanaopunga mkono na bodaboda. Usizungushe hatamu mkononi hata mara moja. Acha nafasi ya farasi mzima mbele yako: ukitazama kati ya masikio ya wako, uzione kwato za nyuma za aliyetangulia. Usipoziona umekaribia mno, na teke lipo njiani. Farasi akilenga majani, inua hatamu kabla kichwa hakijashuka. Kikishafika chini nguvu zako hazitoshi. Kwa anayeanza, saa mbili za kutembea na kwenda matiti kidogo (mwendo wa kudundadunda, kati ya kutembea na mbio) zinatosha. Atakayekuahidi kwenda shoti, yaani mbio, siku ya kwanza, mkatalie. Chagua zamu ya saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mto ndio uliotufurahisha zaidi, na huko waongozaji walikuwa makini kuliko niliokuwa nao popote. Jaketi la kuokolea lilikazwa kisha kila mmoja akavutwa mabegani kwenda juu: likipanda mpaka masikioni, limelegea, linafungwa upya. Kasia lina kishikio cha herufi T juu. Mkono mmoja haubanduki hapo, kwa sababu kishikio kilichoachwa ndicho kinachovunja meno ya jirani wimbi likipiga. Mguu mmoja unaubana chini ya bomba la hewa la boti lililo mbele yako, ndio unaokushikilia. Amri ni chache: mbele, nyuma, shika kamba, chini. Tulizirudia kwenye maji matulivu karibu nusu saa, na boti lilipinduliwa makusudi ili kila mtu ajue ilivyo kutokea chini yake. Kambi inayoruka mazoezi haya, ondoka.

Ukirushwa majini, lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, usijaribu kusimama hata kama unahisi mwamba. Mguu ukinasa, maji yanakulaza kifudifudi. Vuta pumzi katikati ya wimbi na wimbi, si juu ya kilele chake. Nile pale ina maji mengi na ya vuguvugu, hivyo baridi si tatizo; tatizo ni hofu. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda, mradi amwambie mwongozaji mapema na apangiwe boti la njia nyepesi. Kuna wanaonyamaza kwa kuona haya, halafu wanang'ang'ania kamba siku nzima. Itanda penyewe boti za abiria hazipiti katikati. Mnashuka, mnapita nchi kavu, na hilo ni sahihi kabisa.

Hema lilikuwa zuri kwa macho: sakafu ya mbao, kitanda kikubwa, choo na bafu nyuma. Mchana kuanzia saa 6 turubai linageuka tanuri, kwa hiyo omba lililo chini ya mti. Angalia kama paa la nje limeachana na hema kwa angalau kiganja. Yakigusana, mvua inapenya pale pale. Fungua na funga kila zipu kabla ya kupokea hema. Yetu moja ilikuwa imekufa meno, na tumbili wa ukingoni wanajua kabisa zipu inafunguliwaje: niliona kidole kimoja cheusi kikiingia kwenye pengo la chini, kikavuta taratibu kama fundi. Fungeni vishikio viwili vya zipu pamoja kwa kamba ya kiatu, na chakula kisilale ndani. Kama bajeti ni finyu, chukueni banda la kawaida na pesa ipelekeni mtoni.

Kuhusu njia, ya Bukoba ni rahisi kuliko ya Sirari. Meli ya usiku Mwanza hadi Bukoba, kisha Mutukula, Masaka, Kampala na kama kilomita 80 hadi Jinja: mpaka mmoja. Ya Sirari inakupitisha Kenya, Kisumu na Busia: mipaka miwili, na kadi mbili za simu. Tengeni siku mbili kwa kwenda, kwani foleni ya Kampala pekee inaweza kula jioni nzima. Visa haihitajiki kwa Mtanzania, pasipoti ndiyo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inatakiwa kuingia Uganda, na chanjo inahesabika siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo msiiache hadi wiki ya safari. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei njia za farasi zinateleza.

La mwisho ni kichocho, ambacho sisi wa ziwani tunakizoea mpaka tunakipuuza. Katikati ya maji makali hatari ni ndogo. Iko kwenye maji yaliyotulia yenye matete, pale pale mnapoogelea wakati wa chakula cha mchana. Jifute kwa taulo mara utokapo. Msinywe dawa siku ya kurudi, kwani prazikwanteli haiui minyoo ikiwa bado michanga. Pimeni wiki 6 hadi 8 baadaye, na tarehe hiyo iwekeni kwenye simu kabla hamjaondoka Jinja.