5K kwenye Corolla KE70: injini naipongeza, duka silipongezi

Nianze na kaunta, maana ndiko nilikokwazika. Nimenunua 5K (injini ya Toyota ya familia ya K) ya mtumba katika duka moja la injini hapa Dar, nikaomba namba ya injini iandikwe kwenye risiti. Jamaa hata kichwa hakuinua kwenye simu yake: "Mzee wangu, umekuja kununua injini au karatasi?" Risiti ikaandikwa "injini 1 Toyota". Basi. Toyota ipi, K ipi, imetoka kwenye gari gani, hakuna.

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukifunga nyingine, kadi na bloku havisomani tena, na siku unataka kurekebisha kumbukumbu TRA (mamlaka ya mapato), au kumuuzia mtu gari, swali la kwanza ni injini imetoka wapi. Unatoa karatasi iliyoandikwa "injini 1 Toyota". Sasa hiyo inamsaidia nani?

Tuje kwenye injini yenyewe, kwa sababu uchaguzi wa 5K nautetea mpaka kesho. KE70 nyingi zilizobaki zina 4K, cc 1290. 5K ni ndugu yake wa damu: stroki (mwendo wa pistoni) ile ile ya milimita 73, ila boa (upana wa silinda) imepanuliwa kutoka 75 hadi 80.5, ndipo zinapatikana cc 1486. Gia boksi ya K inaipokea bila adapta. Vijana watakwambia funga 4A-GE, injini nyingine ya Toyota. Ni injini tamu, sikatai, lakini nyingi zilizopo zimetoka kwenye gari za kuvuta mbele. Ukiigeuza ikae kwa urefu, distributa na njia ya maji vya nyuma vinakwenda kubanana na ukuta wa kebini, gia boksi yako haiingiliani nayo, na utaanza kusaka gia boksi ya T50 na kengele yake (kava linaloiunganisha na injini). Hela ya hiyo safari inanunua 5K na chenji inabaki. 7K nayo, cc 1781, ina stroki ya 87.5 na bloku lililopanda juu zaidi, hata pushirodi zake ni ndefu. Inawezekana, ila siyo ya kutoa na kuweka.

Muuzaji akikwambia "zote ni K, ni mule mule", usimwamini mpaka usome herufi zilizogongwa kwenye bloku mbele ya namba. Kuzamisha kijiti kwenye tundu la plagi upime mwendo wa pistoni kutakuonyesha 7K tu. 4K na 5K zitakupa kipimo kimoja, na ukitaka kuzitofautisha kwa kupima lazima hedi ifunguliwe. Angalia pia isije ikawa imetoka kwenye foklifti. 5K zilifungwa humo pia, na za namna hiyo umri wake ni wa saa za kazi, wala hakuna kilomita za kusoma popote.

Hii yangu ilitoka kwenye LiteAce, hivyo sampu yake (bakuli la oili chini ya injini) ina umbo la kukaa kwenye fremu ya kigari kile. Unahamisha sampu ya 4K pamoja na bomba lake la kunyonya oili. Nasema pamoja. Ukifunga sampu ya Corolla ukaacha bomba la LiteAce, kichujio chake kinaweza kugusa chini au kuning'inia juu ya oili, na injini ikavuta hewa kwenye kona. Mikono ya kushikia maunti unatoa kwenye 4K, manifodi ya ekzosi vilevile. Kama distributa ya 5K ni ya elektroniki, usiipe umeme wa ule waya wa koili ya platini wenye rizista. Ivutie waya wake wenye volti 12 kamili kutoka kwenye swichi, vinginevyo itawaka asubuhi na kukusumbua mchana. Kabureta iwe ya 5K, maana jeti za 4K zinaifungia petroli. Na rejeta nyembamba ya zamani, kwa joto na foleni za Dar, itupe.

Sasa ugomvi. Dukani iliwashwa, ikatulia vizuri, taa ya oili ikazima mara moja. Kupima kompresheni wakakataa: "injini ya mtumba haipimwi, inasikilizwa." Baada ya kufungwa na kupata moto sawasawa, taa ya oili ikaanza kupepesa kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukichomoa dipstiki, oili inavutika kama asali. Wamejaza dawa ya kuizidisha uzito ili ifiche kugonga! Swichi ya oili ikatolewa, ikafungwa geji ya kawaida (uzi wake ni 1/8): ikiwa baridi presha safi, ikipata moto sindano inalala. Kanuni ya gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Hii haikufika hata nusu. Sampu ikashushwa, beringi za konrodi zimeshalika mpaka shaba imejitokeza.

Kurudi dukani, jibu ni moja: "Hii siyo injini yetu. Onyesha namba kwenye risiti." Namba waliyokataa kuiandika wao wenyewe! Halafu akaongeza kwamba injini haina tatizo, tatizo ni fundi wangu.

Krenki imechongwa, zimeingia beringi za saizi ya 0.25, pampu ya oili mpya, na tapeti zake za haidroliki zimesafishwa tope lote. Na hapa nalazimika kusema ukweli ingawa unaniuma: bloku lilikuwa zima, silinda hazina mtaro, hedi haijapinda. Bei yao pia ilikuwa chini ya wote niliowauliza. Ukijumlisha na gharama ya krenki bado sijapigwa sana. Gari sasa linapanda mlima na gia ya nne bila kulia. Ningekuwa na moyo mwepesi ningewapa alama za kati.

Lakini yule wa kaunta! Hapana.

Ukienda huko, beba geji yako ya kompresheni. Injini iwe na moto, plagi zote nje, kabureta imekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. Tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Yenye upungufu itie kijiko cha oili: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mwaga oili yao, weka 20W-50 safi, subiri ipate moto ndipo uangalie presha. Wakikataa hayo, duka la pili halipo mbali. Na pesa isitoke mfukoni kabla ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye namba ya injini, uilinganishe na bloku mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, hata kama jamaa anasonya.

Injini ya 5K, nyota nne. Duka, moja, nayo ni ya bei. Wakiniandikia namba yangu hata leo jioni, nitarudi kuongeza ya pili.