Wavu wa mono na wavu wa nailoni ya kusokotwa

Kwa mvuvi wa Likoni au Mtongwe, wavu wa mono unavutia: uzi wake ni mmoja, mwangavu, samaki hauoni kwa urahisi hata mchana. Lakini Kenya imeupiga marufuku, na sababu iko kwenye uzi wenyewe. Ukikwama kwenye matumbawe hukatika, na kipande kinachobaki chini huendelea kunasa samaki na kasa bila mwenyewe. Kuushona nako ni kazi, maana fundo huteleza lisipokazwa mara mbili.

Wa kusokotwa huonekana zaidi, kwa hiyo utege magharibi na uutegue alfajiri, hasa siku za giza (mbalamwezi humwonyesha samaki wavu). Ni laini na hushoneka vizuri. Ubaya wake: hushika maji na uchafu, ukawa mzito kuvuta.

Ufungaji ndio unaosahaulika. Mita 100 za wavu ulionyoshwa zifungwe kwenye kamba ya mita 50 hivi. Ukizifunga kwenye mita 70, wavu hukaza, samaki hugonga akarudi. Kwenye mita 30 hulegea, ukazonga hata usichokitaka. Na chubwi (vizito vya chini) zikizidi nguvu vyelezo (maboya ya juu), wavu hulala chini, kaa wakaufaidi.