Subaru Legacy GT na barabara za Mwanza: ununue shokapu zipi?

Ukishuka Isamilo asubuhi na watoto watatu kiti cha nyuma, ukashika Barabara ya Nyerere kuelekea Buzuruga, utavuka matuta, rasta na shimo ambalo jana halikuwepo. Jumamosi gari hilohilo linapita Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Geita, buti limejaa, na turbo inakushawishi ukanyage mafuta. Kwa matumizi hayo mawili ndivyo nilivyopanga orodha hii. Ninachotaka ni tairi lishike lami bila gari kupoteza kimo.

Namba moja: rudisha gari lilivyotoka kiwandani. Wengi hawapendi kusikia hili, maana wamekuja na hela ya kitu cha kuonekana. Lakini Legacy BP5, yaani ile ya umbo la wagoni, ilitengenezwa 2003 hadi 2009. Hata ile ya mwisho kabisa imeshapita miaka 15, na mpira hauna subira hiyo. Bushi (mipira) za kontroamu, ile mikono inayoshika magurudumu, zimechanika, maunti za juu za shokapu zimelegea, na linki za stebilaiza (nondo inayozuia gari kulala kwenye kona) ndizo zile zinazogonga ko-ko-ko kila ukipita rasta. Ukifunga shokapu za bei mbaya juu ya bushi zilizokufa, gari litayumba vilevile. Nunua bushi, linki, maunti, boljointi kama zina mchezo, na shokapu nne mpya za kawaida za kampuni ya KYB. Usinunue mbili ukasema nyingine mwezi ujao. Ikibidi kabisa, basi badili jozi ya ekseli moja kwa pamoja.

Simama gereji uangalie jambo moja. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye matairi. Fundi akizikaza magurudumu yananing'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejisokota hata gari likiwa limetulia, na unachanika mapema sana. Nimelipia kazi hiyo mara mbili kwa kutojua, na inaniuma mpaka leo.

Namba mbili: shokapu za Bilstein B6. Hapa mwendo wa Geita unabadilika kabisa. Ndani yake gesi na mafuta vimetenganishwa na pistoni, kwa hiyo mafuta hayafanyi povu hata ukipiga vumbi muda mrefu na mzigo nyuma. Gari likipanda tuta linatua mara moja, halidundi tena na tena. Angalia namba vizuri: B6 ni ya springi za kimo cha kawaida, B8 ni fupi, imetengenezwa kwa gari lililoshushwa. Kwa mwendo wa polepole mjini utahisi vishimo vidogo zaidi kuliko KYB, na kama unambeba mama mzee mwenye maumivu ya mgongo kila siku, baki namba moja.

Namba tatu: stebilaiza nene ya nyuma. Kwa hela yake inafanya kazi kubwa. Nondo ya milimita 17 ukiibadili kwa ya 20 ya chuma kilekile, ugumu unakaribia mara mbili, na kimo hakiguswi. Gari linaacha kulala kwenye kona. Hii nunua hata ya mtumba kutoka Japani, kwa kuwa ni chuma. Shokapu za mtumba sizigusi, sili zake zimeshazeeka hata kama nje zinang'aa. Usizidishe unene lakini. Barabara ikiwa mbovu, pigo la gurudumu moja linahamia la pili na gari linatikisa vichwa vya abiria.

Matairi nayo yamo humu. Kama umevaa 215/45R17, jaribu 215/50R17. Gari linapanda karibu sentimita moja na ukuta wa tairi unameza mawe. Pima kwanza nafasi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na watu wote wamekaa.

Koilova, yaani shokapu na springi pamoja zenye nyuzi za kurekebisha kimo, naziweka nne. Nzuri zipo, ila tope na vumbi vinaingia kwenye nyuzi zake, kutu inazishika, na siku ukitaka kubadili kimo hazizunguki. Springi za kushusha ni za mwisho: ukijaza familia, gari linakwangua kila tuta. Springi ya kukatwa na grenda haimo kabisa kwenye orodha, kwa sababu gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka kwenye kiti chake.

Wenye Forester, subirini kidogo. Baadhi zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Ukiweka za kawaida ubadili na springi, maana zile zake ni laini na nyuma itakaa chini.

Kazi ikiisha, peleka gari alaimenti siku hiyohiyo, kisha rudi baada ya wiki mbili bolti zikaguliwe.