Daraja la meno zuri, na daktari wa "utazoea"

"Utazoea."

Neno moja tu, tena alilisema akiwa amenipa mgongo, ananawa mikono. Hata bomba hakulifunga ili nimsikie vizuri. Nimelibeba neno hilo wiki kadhaa, na leo nimeamua kulitema hapa.

Kwa wasiopenda maelezo marefu: daraja la meno lenyewe, nyota nne. Daktari aliyenibandikia, sifuri. Ngoja, sifuri ni hasira inayosema. Nampa nusu, na mkisoma mpaka chini mtaona kwa nini hiyo nusu inaniuma kuliko hiyo sifuri.

Nilikuwa na pengo chini kulia, gego la kwanza, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, wazazi wakidhani bado ni la utoto na halihitaji kuhangaikiwa. Langu lilioza, nikaling'oa, nikajiambia nani atachungulia huko nyuma. Kumbe pengo halitulii. Miaka ikapita, jino la nyuma yake likaanza kulalia nafasi iliyo wazi, na la juu, kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, likaanza kushuka kidogo kidogo kama jirani anayechungulia uani kwako. Nilipokwenda hatimaye, nikaambiwa nichague: skrubu ya kupandikizwa kwenye mfupa wa taya, meno ya kuvaa na kuvua, au daraja, yaani jino la bandia la kuziba pengo linaloshikiliwa na meno jirani. Ya kuvaa na kuvua sikuyataka kabisa. Skrubu ilihitaji mfupa, na wangu ulikuwa umeshapungua pale palipokaa bila jino. Nikachukua daraja.

Aina za kauri, chuma ndani au hakuna, hayo mtayasoma popote. Mimi nitasema jambo moja tu ambalo watu hulipita haraka. Ili daraja likae, meno mawili jirani ya pengo yanachongwa pande zote mpaka yabaki kama vigingi, ndipo yavalishwe. Yangu yalikuwa mazima, hayana hata tundu. Ngozi ngumu ya jino ikishachongwa haioti tena. Nilikubali nikijua hivyo, kwa hiyo msinionee huruma kwa hilo. Ila mtu akishakukabidhi meno yake mawili mazima uyachonge, deni lako kwake si dogo.

Siku ya kuchonga ilikwenda vizuri. Kupimwa kwa ule uji mzito wa plastiki unaogandia mdomoni mpaka ukadhani utakabwa, nilivumilia. Daraja la muda, sawa. Wiki mbili za kungoja maabara, sawa. Nasema ukweli wa Mungu, mkono wa yule bwana ni mwepesi, hata sindano sikuisikia ilipoingia.

Mambo yaliharibika siku ya kubandika.

Alinichoma ganzi, maana vigingi vile vikiguswa na hewa tu vinakuchoma mpaka utosini. Akapaka gundi, akaliketisha daraja, akaniambia ning'ate pamba kwa nguvu, akakwangua gundi iliyofurika pembeni. Kisha akatoa kikaratasi cha bluu, akakipitisha kati ya meno: "Gonga. Gonga tena. Liko sawa?"

Hebu nipigieni picha. Nimelala chali, miguu iko juu kuliko kichwa, mdomo wa chini umekufa kama nimeuazima kwa mtu, taya silijui limeishia wapi, na huyu ananiuliza kama liko sawa! Nikajibu, "Nadhani." Akaichukua hiyo "nadhani" kama saini yangu.

Jioni ganzi ilipoachia, nikang'ata kipande cha mkate. Jino moja likafika kabla ya mengine. Sijui niwaelezeje wale ambao hayajawapata. Ni kama mlango unaofungika vizuri siku zote, halafu siku moja unakutana na kokoto kwenye kizingiti. Unausukuma, unakataa. Unaufungua, unaufunga tena, kokoto lipo palepale. Usiku kucha nilikuwa nikifunga kinywa na kukifungua gizani, tak, tak, nikingoja meno mengine yafike. Meno yanahisi kitu chembamba kuliko unywele, hilo nililijua usiku ule kabla hata sijaelezwa na mtu.

Nikavumilia siku chache nikidhani litakaa. Halikukaa. Nikarudi.

Pale mapokezi binti akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia sina miadi, nina maumivu. Nikakalishwa mpaka wote wakaisha. Nilipoingia, daktari akanilaza vilevile chali, akamulika taa, akagusa ufizi kwa kile kichuma, akaangalia picha ya eksirei kwenye kompyuta. Kikaratasi cha bluu hakukigusa. Nawaapia, kilikuwa mezani, nakiona.

"Liko vizuri sana, mama. Limekaa kabisa."

"Lakini dokta, linagonga. Linafika mwanzo kabla ya mengine."

"Umekaa muda mrefu na pengo. Sasa kuna kitu kigeni."

"Na hili la nyuma linauma nikitafuna."

Hapo ndipo alipoinuka kwenda kunawa, na akiwa kule kwenye bomba akaongeza, "Utazoea. Na uache kulichezea kwa ulimi, mama. Unalifikiria mno."

Unalifikiria mno! Ulimi wangu, kinywa changu, jino nililolilipia, halafu naambiwa kosa ni kufikiri. Waliosema adhabu ya kaburi aijuaye maiti walikuwa wametoka kwa daktari wa meno, sina shaka. Nikatoka na pochi yangu bila hata kuaga, mimi ambaye huaga hata makondakta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nilimwamini. Nyumbani mume wangu, mtu wa amani, akanambia, "Mama watoto, pengine kweli utazoea, yeye ndiye aliyesomea." Nikajaribu kuzoea. Nikawa natafunia kushoto tu. Maji ya baridi nikayaacha. Yakaanza maumivu mbele ya sikio, hapa taya linapojikunja, kwa sababu bila kujijua nilikuwa nalisogeza taya pembeni ili kulikwepa lile kokoto. Nikafika mahali pa kujiuliza kama mimi ndiye mwenye matatizo, kama kweli ni ulimi wangu na mawazo yangu. Wiki zile zinaniuma kuliko jino.

Aliyenifumbua macho ni daktari mwingine, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, niliyemwendea kwa jambo jingine kabisa, kusafishwa meno. Nilitaja daraja kwa kupitia tu, tena kwa woga, nikisema, "Wamesema nitazoea." Akaacha alichokuwa akifanya.

"Linagonga tangu lini, mama?"

Nikamwambia. Akabonyeza kiti kikaanza kunyanyuka.

"Kaa wima. Nyumbani unakula umelala?"

Nilicheka, lakini ilinichoma moyoni. Taya la mtu aliyelala chali linarudi nyuma kidogo, meno hayakutani palepale yanapokutana akiwa amekaa. Tena bila ganzi, kwa hiyo nilikuwa nazisikia pande zote mbili. Akaniuliza lipi linauma, akagonga moja moja kwa mpini wa kioo, taratibu. Lile la nyuma nusura niruke kitini. Akaligusa kwa kipamba cha baridi kali, nikashtuka, naye akafurahi! Akasema kushtuka ni habari njema, mshipa wa jino bado uko hai. Akanieleza kwamba mzizi wa jino haujaganda moja kwa moja kwenye mfupa, umeshikwa na nyuzi laini, na jino likigongwa peke yake kila mlo nyuzi zile zinavimba. Kwa hiyo hapo hakuna kuzoea. Kadiri unavyoendelea kugonga ndivyo linavyozidi kuuma.

Kisha vikaratasi, viwili. Cha bluu ning'ate nikigonga. Chekundu nisage taya kushoto na kulia kama ninayetafuna. Ile kusaga pembeni, yule bwana hakuwahi kuniambia nifanye hata mara moja. Akanipa kioo nione mwenyewe. Meno mengine yalikuwa na vialama hafifu vya bluu, kama mtu aliyegusa wino kwa ncha ya kidole. Kwenye lile la nyuma la daraja kulikuwa na duara jeusi limeiva, na katikati yake nukta nyeupe, pale ambapo karatasi ilibanwa mpaka wino ukakimbilia pembeni. Pembeni mwa duara, mkwaruzo mwekundu mrefu.

"Hiyo hapo," akasema.

Nilikiangalia kile kioo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kumbe kokoto langu lilikuwa na rangi, na mtu yeyote mwenye macho angeliona.

Akalisugua kwa ile mashine inayolia kama mbu, sekunde chache, akanipa karatasi tena. Akasugua tena. Mara ya tatu nikagonga, na meno yote yakafika pamoja. Sauti ikabadilika, si "tak" tena, ikawa nzito, ya kinywa kizima. Nikagonga tena na tena kama mtoto aliyepewa kifilimbi. Yeye hakuishia hapo, akachukua kigurudumu cha mpira akalainisha pale alipochonga, kwa sababu kauri ikiachwa na mikwaruzo inalila jino la juu linalokutana nayo. Machozi yalinitoka. Akadhani ameniumiza, maskini.

Dakika kumi. Tuseme kumi na tano na mazungumzo. Na mimi nimetafunia upande mmoja wiki kadhaa kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu wa kunyoosha mkono mpaka mezani.

Sasa ngojeni niwapeni kile kilichoniudhi kweli. Wakati anapitisha kichuma chake kuzunguka mipaka ya daraja, pale kauri inapokutana na jino chini ya ufizi, yule binti alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini aliyechonga hapa ana mkono mzuri sana. Huwezi hata kusikia pa kuungana." Nilitaka kumkatalia. Nilitaka aseme kazi ni mbovu, nipate kulala kwa amani na chuki yangu. Ndiyo hiyo nusu nyota sasa. Bwana yule anajua kazi kuliko wengi, pale panapoharibu madaraja ya watu, mwanya unaopitisha uozo mpaka kwenye kigingi, yeye hakuacha mwanya. Kwa jinsi lilivyokaa, daraja hili linaweza kunifikisha miaka 10, au 15 nikilitunza. Na mtu huyohuyo hakuweza kusikiliza sentensi mbili.

Je, ninawashauri kuweka daraja? Juzi ningesema wekeni bila wasiwasi. Natafuna kulia, nacheka bila kuziba mdomo, lile la juu lililokuwa likishuka limepata mwenzake. Kila usiku napitisha uzi ule wenye ncha ngumu chini ya jino la katikati, maana halina mzizi na chakula hupenda kujificha hapo, na nimeshaizoea hiyo kazi. (Hilo ndilo la kuzoea, dokta, kama unataka kujua.)

Lakini wiki hii jino la nyuma limeanza tena kunikumbusha lipo. Si kama zamani, ni kidogo tu, nikinywa kitu cha moto. Yule binti alinitahadharisha kwamba mshipa uliochongewa karibu, halafu ukapigwa wiki nyingi, unaweza kutulia au unaweza kufa polepole, na ukifa itabidi kutoboa juu ya daraja hilihili zuri ili kutibu mzizi. Tusubiri, alisema. Basi nasubiri, na nikisubiri hivi ile nusu nyota naiona ni kubwa mno. Naiondoa. Au niiache, sijui. Mkono wake kweli ni mzuri.

Tangu juzi kuna ujumbe wa kliniki ya yule bwana kwenye simu yangu, wa kunikumbusha kwamba muda wa kuangaliwa daraja umefika, na nithibitishe kama nitakuja. Sijajibu bado. Nikienda, nitakaa wima, na kile kikaratasi nitakishika mwenyewe.